Fimbo ya Mbele na Ligi ya Pwani

Lindgate, Iowa
11 Januari 2022

Shemeji Corinne,

Natumaini huko Minneapolis hamjafukiwa kabisa. Huku theluji imefika kwenye kitasa cha mlango wa gereji, inchi thelathini na sita. Nimepima mwenyewe, maana redio ilisema arobaini na redio ya hapa ina tabia ya kuongeza chumvi.

Lakini sikuandikii habari za theluji. Nimesoma gazetini kwamba chuo chetu kimealikwa kuiacha Ligi ya Bonde, ambayo tumecheza tangu mwaka 1931, na kujiunga na Ligi ya Pwani, na kwamba ninyi wa Baraza la Wadhamini mtapiga kura mwezi Machi. Mko tisa. Mjini wanasema wanne wanataka, wanne hawataki, na wa tisa ni daktari wa meno mstaafu ambaye hasemi kitu. Nimekaa meza moja na daktari huyo Krismasi ishirini na nane, na sijawahi kumwona hasemi kitu.

Hoja yangu ni ya kijiografia. Nimepima ardhi ya wilaya hii miaka thelathini na minne. Kutoka lango la uwanja wetu hadi maji ya chumvi yaliyo karibu zaidi ni maili mia nane na sitini, na hiyo ni Ghuba ya Meksiko, ambayo si pwani waliyoikusudia. Wasichana wa mpira wa wavu watapanda ndege Jumanne kwenda Boston, warudi Alhamisi, na Ijumaa asubuhi wana mtihani wa kemia. Nani atamweleza profesa wa kemia?

Mimi binafsi sina maslahi yoyote katika jambo hili.

Ni mimi, mume wa marehemu dada yako,
Halvor Tveit

Nyongeza: Duane Koepke, yule anayeshika fimbo ya nyuma ya mnyororo wa kupimia yadi kumi kwenye mechi za mpira wa Kimarekani, nami nikishika ya mbele, anauliza kama Ligi ya Pwani huwaachia wenyeji kazi ya mnyororo au huleta watu wake. Ni yeye anayeuliza.


Minneapolis
20 Januari 2022

Shemeji Halvor,

Nakujibu kwa kalamu kwa sababu mwanasheria wa Baraza, Prentiss Ogilvie, ametukataza barua pepe. Sisi ni chuo cha umma, na sheria inampa kila mtu haki ya kuomba nyaraka zetu. Mashabiki wameigeuza haki hiyo kuwa mchezo wa pili baada ya mpira. Mwezi uliopita waliifuatilia ndege ya rais wa chuo kwenye mtandao, dakika kwa dakika, mpaka ikatua Virginia. Wakashangilia kwamba amekwenda kutia saini. Kumbe binti yake alikuwa amejifungua. Mtoto ana wiki tano, na mashabiki wamekwisha kumpa jina: wanamwita Mkataba. Kwa hiyo karatasi, shemeji, na bahasha iliyofungwa vizuri.

Hoja yako ya jiografia nimeisoma. Hoja yangu ni ya televisheni. Ligi ya Bonde huonyeshwa kwenye kituo kinachoonyesha pia mashindano ya kuvuta matrekta, na watazamaji wa matrekta ni wengi kuliko wetu. Chuo lazima kiendelee mbele.

Mwambie Duane kwamba Ligi ya Pwani huleta watu wake wa mnyororo: wamefunzwa, wana vyeti, na hakuna aliyezidi miaka sitini. Duane ana miaka mingapi sasa? Sabini na tatu? Apumzike. Anywe supu yake ya maharage na mkate wake wa mdalasini juu jukwaani kama watu wengine, akiwa na blanketi miguuni.

Goti lako likoje?

Corinne Hoekstra


Lindgate
2 Februari 2022

Shemeji Corinne,

Goti halina neno.

Nimemfikishia Duane jibu lako, na sikutegemea litamwumiza kiasi hicho. Hata chakula hali vizuri. Ameshika fimbo yake miaka arobaini na mmoja bila kukosa mechi hata moja ya nyumbani, pamoja na ile ya barafu ya 1996, na sasa anaambiwa na mtu aliye maili mia tatu kutoka hapa kwamba akae na blanketi. Nakuambia kwa dhati, sijamwona Duane akiguswa na jambo namna hii tangu kifo cha mkewe.

Narudi kwenye jiografia. Niliwasahau wapiga makasia. Hatuna wapiga makasia. Ligi ya Pwani inadai kila chuo kiwe na timu ya makasia. Tuna kijito kimoja, na mwezi wa Agosti ng'ombe wanakivuka bila kulowa magoti. Ningependa Baraza lilijadili hilo.

Wako katika hoja,
Halvor


Minneapolis
14 Februari 2022

Shemeji,

Mke wa Duane alinipigia simu jana kuniuliza namna ya kutunza meno ya bandia. Kwa marehemu, Phyllis ana sauti nzuri sana. Anakusalimia. Anasema mumewe anakula kupita kiasi, na kwamba tangu Desemba anamwomba Mungu ligi ihame ili aache kulala na mafua kila Novemba.

Kwa hiyo tumwache Duane, tuongee mimi na wewe.

Umenificha la kwako, nami nimekuficha la kwangu. Sijali televisheni. Sina hata televisheni, unajua. Nitapiga kura ya kuhama kwa sababu yako.

Novemba, siku ya mechi na chuo cha Orland, nilikuwa jukwaani na kitabu changu kama kawaida, na kwa bahati mbaya niliinua macho. Kijana wa Orland, ratili mia mbili na hamsini, alikuja mbio akatoka nje ya mstari. Kanuni, nimeambiwa, ni kudondosha fimbo na kurudi nyuma upesi. Duane alidondosha. Yule mwenzenu wa tatu, wa kibao cha namba, alidondosha. Wewe hukudondosha. Kijana alikupitia kama lori. Ulilala kwenye nyasi, kofia huku, miwani kule, mkono umenyooka juu na fimbo iko palepale wima. Watu walicheka. Mimi sikucheka, Halvor.

Wiki ya mwisho hospitali, dada yangu Lorna aliniambia: "Mtoe uwanjani kabla hawajamuua. Lakini usimwambie aache, atabisha. Tafuta kitu kikubwa ambacho hawezi kubishana nacho." Nimetafuta miaka mitatu. Nimepata ligi nzima. Sidhani nitapata kikubwa zaidi.

Kasirika ukipenda.

Corinne


Lindgate
19 Februari 2022

Corinne,

Nimekasirika. Nimesubiri siku tatu nikadhani nitatulia, lakini wapi.

Kwanza, kuhusu kudondosha. Wanasema dondosha, kwa sababu kuna kibanio kwenye mnyororo cha kuurudisha mahali pake. Kibanio kinakosea nusu inchi. Nimekipima. Pale kwenye nyasi sikulinda kichwa changu, nililinda kipimo, na kilipoangaliwa baadaye kilikuwa sahihi. Hilo halikuandikwa popote, kwa hiyo naliandika hapa.

Pili, Lorna. Unasema alikuambia wiki ya mwisho. Mimi aliniambia Alhamisi ya wiki hiyohiyo, ukiwa umekwenda chini kutafuta kahawa: "Usikubali Corinne akutoe uwanjani." Naona alikuwa akitupa kila mtu kile alichokitaka, kama alivyofanya siku zote na mapaja ya kuku.

Tatu, na hili nakuomba ulisome ukiwa umekaa. Mimi ni mstaafu. Ninachosema hakuna anayekisubiri. Daktari ana vidonge, redio ina habari, na mimi nasikiliza. Lakini mara nne au tano katika mechi moja mpira unaangukia palepale kwenye mpaka, na hakuna ajuaye kama timu imetimiza yadi kumi za kuendelea na mpira. Mwamuzi ananyoosha mkono, nasi watatu tunaingia uwanjani na vizibao vyetu vya rangi ya chungwa. Watu elfu kumi na nane wananyamaza. Hata wauza soseji wananyamaza. Duane anakanyaga fimbo yake, mimi nauvuta mnyororo mpaka unyooke. Kwa muda huo mdogo, Lindgate nzima hakuna anayelijua jibu kabla yangu.

Ni Jumamosi sita kwa mwaka. Sina kingine.

Piga kura kama chuo kinavyohitaji. Usiipige kwa ajili ya goti langu, wala usiipige kwa ajili ya fimbo yangu. Na wale wasichana wa mpira wa wavu nilijifichia nyuma yao, nakiri, lakini mtihani wa kemia ni wa kweli.

Halvor


Minneapolis
8 Machi 2022

Shemeji,

Keti kwanza, na ukiweza usifungue mtandao.

Shabiki mmoja anayejiita Jiwe Moto aliomba mawasiliano yote ya wadhamini kuhusu ligi, "ya aina yoyote ile." Prentiss akatuita mmoja mmoja.

"Dokta, umewahi kuandika chochote nje ya barua pepe?"

"Barua tu. Kwa shemeji yangu. Kwa kalamu."

"Kalamu nayo ni nyaraka."

"Nyaraka gani, Prentiss? Ya pili ina doa la supu."

"Na doa tutalipiga picha."

Nilidhani karatasi iko nje ya sheria. Wenzangu wanane wameniangalia kama mtoto aliyejificha nyuma ya pazia huku miguu yake inaonekana. Nilikuwa nimeziweka zako zote na nakala za zangu, tabia ya miaka yangu ya kutunza mafaili ya wagonjwa. Tangu saa mbili asubuhi ya leo zote tano ziko kwenye jukwaa la mashabiki, lile wanaloliita Tanuri.

La pili ni zito zaidi. Prentiss anasema nimeandika kwa mkono wangu kwamba nitakihamisha chuo ili kumwokoa shemeji. Kwa hiyo siruhusiwi kupiga kura. Nitakaa chumbani, lakini nikae kama kiti.

Nisamehe. Hayo ya Jumamosi sita hukuyaandika yasomwe na watu wengine.

Corinne


Lindgate
12 Machi 2022

Shemeji Corinne,

Barua yako ilinifikia baada ya habari. Nilijua jambo limeharibika nilipoingia kwa Bev kunywa kahawa na mkahawa mzima ukanyamaza, kimya kilekile cha kipimo, ila safari hii mimi ndiye niliyekuwa napimwa.

Bev akamimina kahawa. "Mzee Halvor, ni kweli kibanio kinakosea nusu inchi?"

"Ni kweli."

"Basi miaka yote hii tumekuwa tukiwatukana waamuzi bure."

Jamaa mmoja mwenye kofia ya timu yetu ya Wachoma Chokaa, simjui ni wa nani, akageuka kutoka kaunta. "Wewe ndiye unayetukosesha Ligi ya Pwani kwa ajili ya kijiti?"

"Ni fimbo," nikamwambia. "Ina futi sita."

"Mjomba wangu alikufa akisubiri tuingie ligi kubwa."

"Pole. Alikufa lini?"

"Themanini na nane."

"Mwaka huo tulishinda mechi moja. Hatukualikwa hata kwenye chakula."

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Ndipo mlango ukafunguliwa akaingia Phyllis Koepke, amevaa koti lake jekundu, akaja moja kwa moja mezani kwangu.

"Nimesikia nilikufa," akasema.

"Phyllis, ilikuwa namna ya kusema tu."

"Nilizikwa wapi?"

"Phyllis."

"Nauliza tu, nikatembelee. Na keki hiyo kama huimalizi nipe mimi, huko nilikotoka hakuna keki."

Nilimpa keki. Duane hajazungumza nami siku nne. Si kwa sababu ya kumfisha mkewe, bali kwa sababu nilisema ulimwumiza. Anasema hajaumizwa na mtu yeyote maishani mwake.

Sina la kukusamehe. Niliposoma tena ile barua yangu kwenye simu ya Bev, mbele ya watu, niliona nimeandika kweli tupu. Lakini sasa kura ni wanne kwa wanne, na mimi sijui kanuni zenu. Ikiwa sare, nini hufuata?

Halvor


Minneapolis
26 Machi 2022

Shemeji,

Ikiwa sare, hoja huanguka na mambo hubaki yalivyo. Ndivyo kanuni zetu zinavyosema, na jana ndivyo ilivyokuwa. Wanne walisema ndiyo, wanne walisema hapana, na macho yote yakanigeukia mimi niliyekuwa kiti. Mwenyekiti alisoma matokeo mara mbili, mara ya pili polepole, kana kwamba mmoja wetu angeaibika abadilishe.

Tunabaki Ligi ya Bonde. Fimbo ni yako.

Ligi ya Pwani haikulia. Baada ya saa mbili ilitangaza kwamba imechukua chuo kimoja cha Nevada. Wana jangwa, nasikia, lakini wameahidi timu ya makasia.

Nje, kwenye maegesho, mashabiki kama mia walikuwa wakinisubiri. Mmoja alikuwa na bango lenye picha ya goti. Mwanamke mmoja akaniambia, "Dokta, umetuharibia miaka hamsini." Nikamwambia kura sikupiga. Akasema, "Ndiyo maana."

Usiniulize ningepiga kura gani kama ningeruhusiwa. Niliingia chumbani nikijua. Nilipokuwa nikiwasikiliza hao wanane wakisema kwa saa tatu habari za masoko na mustakabali, nilifikiria wauza soseji wakinyamaza, na baada ya hapo sikujua tena.

Bado naamini watakuua.

Corinne


Lindgate
4 Septemba 2022

Shemeji Corinne,

Jana tulifungua msimu. Nilitaka uyasikie kwangu kabla hujayasoma Tanuri.

Duane alirudi Agosti, bila kusema amesamehe nini. Tulivaa vizibao vyetu. Robo ya kwanza ilipita bila kipimo. Robo ya pili, tukiwa na inchi chache za kupata au kukosa, mwamuzi akanyoosha mkono. Huyu ni mwamuzi mpya, umri wake kama jozi yangu ya viatu vizuri. Tukaingia uwanjani, nami nikasubiri kile kimya.

Hakikuja. Jukwaa la magharibi lilianza, la mashariki likapokea, na watu elfu kumi na nane wakanizomea. Si timu, si mwamuzi, mimi. Kulikuwa na mabango. Moja lilisema PWANI IKO WAPI, MZEE. Wanafunzi walikuwa wamevaa maboya ya kuogelea.

Mwamuzi akaniuliza, "Mzee, umefanya nini kwa watu hawa?"

"Nimebaki," nikamwambia.

Duane, ambaye hasikii vizuri, akasema, "Wanatushangilia?"

"Wananizomea mimi."

Akafikiri. "Na mimi hapana?"

"Wewe hapana."

"Miaka arobaini na mmoja," akasema Duane, "na wewe tu ndiye wanayemjua." Amenuna tena.

Niliuvuta mnyororo mpaka ukanyooka. Tulikosa kwa upana wa vidole viwili. Hapo ndipo walipozomea kweli, mpaka nikausikia mtetemo kwenye fimbo. Nimesimama pembeni ya uwanja ule sehemu kubwa ya maisha yangu na hakuna aliyepata kujua kwamba nina jina. Sasa wanalijua, na wanalitamka kwa pamoja, silabi moja moja. Corinne, nina miaka sabini na tatu na sikumbuki lini nilifurahi hivi.

Halvor


Minneapolis
7 Septemba 2022

Shemeji Halvor,

Nilikuwepo. Sikukuambia kwa sababu ungenipeleka kwa Bev kunionyesha. Niliendesha gari kwa saa tano, nikakaa jukwaa la magharibi, mstari wa ishirini na mbili, nyuma ya kijana aliyevaa boya la bata. Kitabu nilikiacha kwenye gari.

Mguu wako wa kushoto unaburuta. Ulipotoka mara ya pili ulijiegemeza kwenye fimbo kama mkongojo na ukadhani hakuna anayeona. Robo ya tatu kijana mmoja alikuja mbio upande wako, na ukadondosha fimbo ukarudi nyuma hatua tatu. Niliona. Sitasema zaidi, usije ukaacha kudondosha.

Ilipofika kipimo cha mwisho na watu wakasimama kuzomea, nilisimama pia. Nilikuzomea kwa nguvu zangu zote. Nilizomea kwa ajili ya barua zangu, na lile bango la goti, na saa tatu za kukaa kama kiti, na vile ulivyolala kwenye nyasi Novemba. Yule kijana wa boya akageuka akaniambia, "Bibi, unamchukia kweli." Nikamwambia hajui nusu yake. Akanipa nusu ya soseji yake.

Leo sauti bado haijarudi.

Corinne


Lindgate
11 Septemba 2022

Shemeji Corinne,

Nilikusikia. Kulikuwa na sauti moja upande wa magharibi iliyotangulia wengine, nikajua ni ya mtu asiyeufahamu mpira.

Ulianza mapema mno. Utaratibu ni huu: Duane anakanyaga, mimi nakaza, mwamuzi anainama kuangalia, anasimama, anaonyesha kwa mikono. Hapo ndipo unazomea. Ukianza kabla ya hapo unamzomea mtu ambaye bado anapima, na hiyo si haki.

Mechi ijayo ya nyumbani ni tarehe ishirini na nne. Kaa jukwaa la mashariki, mstari wa nane, karibu na yadi ya thelathini. Jua halitakupiga machoni, na kwa umbali huo nitaweza kukusahihisha.

Halvor